Kompyuta kuukuu iwe skrini ya pili ya leptopu: anza na waya, programu baadaye

Jamani nyumba nyingi huku Lamu kuna ile desktop ya zamani imekaa pembeni imefunikwa leso, kuuza hakuna mnunuzi na kuitupa roho haitaki, na hapo hapo mwenye nyumba ana leptopu ndogo ya inchi 14 ndiyo anayofanyia kila kitu. Mwalimu anajaza maksi kwenye Excel huku orodha ya darasa iko dirisha la nyuma, mwenye gesti anajibu imeili ya mgeni huku kalenda ya vyumba iko dirisha jingine, basi ni kuruka huku na huku mchana kutwa mpaka mgeni wa chumba cha 4 anaandikwa chumba cha 5. Skrini mbili zinaondoa hayo, moja unasoma nyingine unaandika. Na kifaa tayari kiko ndani ya nyumba, kwa hivo nitaeleza namna ya kukitumia bila kumaliza pesa.

Kwanza tazama una kitu gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, manake akishasikia "tumia desktop kama skrini" anakimbilia kutafuta programu za kudaunlodi. Ngoja kwanza. Desktop ni vitu viwili, kuna sipiyu, lile boksi lenyewe, na kuna skrini. Picha inaonyeshwa na skrini, sipiyu kazi yake ni kufikiri, na leptopu yako tayari inafikiri. Kama skrini yako ina waya unaochomoka nyuma ya sipiyu, basi sipiyu iache ipumzike, hapo huhitaji programu wala intaneti, wahitaji waya unaofaa tu, na ndani ya dakika 10 umemaliza. Hii ndiyo njia ninayompa kila mtu kwanza na sitaki uiruke.

Na kuna jambo la stima pia. Skrini bapa ya inchi 17 au 19 inakula kama wati 20 hadi 40, lakini ukiwasha na sipiyu ya zamani unaongeza wati 60, 100, wakati mwingine zaidi. Piga hesabu, wati 30 kwa masaa 8 ni kama robo uniti, wati 130 kwa masaa hayo hayo ni uniti moja na kidogo. Kila siku ya kazi, mwezi mzima, kwa mtu anayenunua tokeni hiyo tofauti ataiona, alafu ongeza na joto la lile boksi kwenye chumba chetu cha mwezi wa tatu.

Njia ya programu na mtandao ibaki kwa watu wawili tu. Wa kwanza ni mwenye zile kompyuta ambazo sipiyu na skrini ni kitu kimoja, hakuna cha kuchomoa. Wa pili ni ambaye leptopu yake tundu la picha limekufa au halina kabisa. Nitafika huko.

Jambo moja lazima niliseme mapema kwa sababu watu wananunua waya bure: ukichukua waya wa HDMI, ule wa picha wa kwenye televisheni, ukachomeka leptopu upande mmoja na nyuma ya sipiyu upande wa pili, haitatokea kitu. Tundu la HDMI la sipiyu linatoa picha, halipokei. Na leptopu nayo inatoa. Wawili wote wanasema hakuna anayesikiliza. Hata zile za kipande kimoja nyingi tundu lao ni la kutoa, isipokuwa chache zimeandikwa HDMI IN pembeni mwa tundu, ukiona maandishi hayo shukuru Mungu, chomeka waya moja kwa moja alafu tafuta kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha.

Kama skrini yako ni zile nzito zenye mgongo mkubwa, kwa VGA, lile tundu la picha la zamani nitakalolieleza hatua ya 1, itafanya kazi, lakini inakula stima nyingi na inabana meza. Na tafadhali usiifungue nyuma ati uisafishe, ndani yake umeme mkali hubaki hata ikiwa imechomolewa.

Hatua ya 1: linganisha matundu

Geuza skrini uangalie nyuma. Za zamani karibu zote zina VGA, lile tundu mara nyingi la bluu lenye vishimo 15 kwa mistari mitatu na sehemu za skrubu mbili pembeni. Nyingine zina DVI ambalo ni pana na mara nyingi jeupe. Zikiwa za karibuni kidogo utapata HDMI. Alafu geukia leptopu, nyingi zina HDMI, zilizozeeka kidogo zina VGA, na mpya nyembamba zina USB-C tu.

VGA kwa VGA ni waya ule ule uliokuwa kwenye sipiyu, umemaliza. HDMI kwa HDMI vivyo hivyo.

Leptopu ina HDMI na skrini ina VGA, hii ndiyo hali ya wengi, hapa wataka kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kidude kidogo chenye mkia mfupi. Ukifika dukani sema vizuri, "picha inatoka HDMI inaingia VGA", kwa sababu kuna vingine vinavyofanya kinyume na kwa macho vinafanana, ukichukua cha kinyume hakitafanya kazi hata ukigeuze vipi. Usinunue ule waya mtupu wenye kichwa cha HDMI huku na VGA huku bila chochote ndani, HDMI inatuma dijitali na VGA inataka analogi, lazima katikati kuwe na kitu cha kubadilisha. Kama kigeuzi kina tundu dogo la USB pembeni hilo ni la kukiongezea nguvu, liunganishe na USB ya leptopu kwa waya wa USB ikiwa picha inakatika katika.

Leptopu HDMI na skrini DVI ni rahisi zaidi, hapo waya wa kawaida unatosha, ishara ni zile zile za dijitali, ila sauti usiitegemee ipite.

USB-C iangalie kwa makini. Si kila tundu la USB-C linatoa picha, mengine ni ya kuchaji na kuhamisha faili tu. Tazama kama pembeni pana alama ya DP (DisplayPort, yaani picha inatoka) au ya radi, au soma maelezo ya modeli ya leptopu yako kabla hujatoa pesa. Na kama leptopu haina hata kimoja, kuna adapta za USB ya kawaida zenye chipu ya DisplayLink, zinataka draiva, yaani programu ndogo ya kuziendesha, lakini kwa maandishi na hesabu ziko sawa.

Hatua ya 2: safisha pini

Hii ni ya sisi wa pwani. Hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na kichwa cha VGA kilichokaa wazi miaka, ukikimulika na tochi ya simu utaona pini zimeingia uchafu wa kijani au weusi. Ukikichomeka hivo hivo picha inakuja ya waridi au ya kijani yote, au inatetemeka, mtu anasema skrini imekufa anaitupa. Haijafa. VGA inapeleka nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa pini yake, pini moja ikishindwa kugusa ile rangi inapotea na picha yote inageuka.

Chomoa kila kitu kwenye soketi kwanza. Chukua mswaki laini mkavu usugue pini taratibu, alafu tia spiriti ya dawa kidogo sana, ile yenye alkoholi nyingi, sugua tena na uache ikauke kabisa. Ukiona pini imelala, inyanyue na ncha ya penseli ya kubofya isiyo na risasi, pole pole, ikiinama mara mbili tatu inakatika. Kwenye vichwa vingi vya VGA kuna pini moja haipo toka kiwandani, usishtuke ukafikiri imevunjika. Ukichomeka kaza zile skrubu kwa vidole, waya uliolegea ndio mwanzo wa kutetemeka kote.

Hatua ya 3: washa na uiambie leptopu

Washa skrini, washa leptopu, chomeka. Kwa Windows 10 au 11 shika kitufe cha Windows ubonyeze P, itatokea orodha ya mambo manne. Wewe chagua Extend. Duplicate inarudia picha ile ile pande zote mbili, hiyo ni ya projekta darasani, kwetu haina faida. Ukichagua Second screen only leptopu itazima kioo chake na utababaika, bonyeza tena Windows na P urudi.

Sasa fungua Settings, nenda System, alafu Display. Utaona maboksi mawili yameandikwa 1 na 2. Hapa pana jambo dogo lakini ndilo linaloamua kama utaipenda hii kazi au la: yaburute yale maboksi mpaka yakae kama skrini zilivyokaa mezani kwako. Kama skrini kubwa iko kushoto, boksi lake liwe kushoto. Usipofanya hivo mausi utaipeleka kushoto igonge ukuta, kumbe mlango uko kulia. Na urefu pia, ukiwa na leptopu chini na skrini juu ya vitabu, shusha au pandisha boksi mpaka mausi ivuke bila kuruka. Bonyeza Identify kama hujui ipi ni ipi, kila skrini itaonyesha namba yake.

Alafu boksi la leptopu libaki ndiyo skrini kuu, kwa sababu stima ikikatika ile ya nje inazima na leptopu inaendelea na betri, na kazi haipotei, madirisha ya ile ya nje yasiporudi yenyewe bonyeza Windows na P uchague PC screen only.

Hatua ya 4: picha ikae sawa

Bofya boksi la skrini ya pili, teremka kwenye resolution, yaani idadi ya nukta za picha, uchague ile iliyoandikwa Recommended. Skrini nyingi za mraba za inchi 17 na 19 ni 1280 kwa 1024, za inchi 15 ni 1024 kwa 768, zile pana za inchi 18.5 mara nyingi 1366 kwa 768. Kigeuzi cha bei rahisi wakati mwingine hakiambii leptopu ukubwa wa kweli, basi chagua mwenyewe kwa namba hizo. Ukiona maandishi ya Out of range au Input not supported, maana yake umeipelekea picha kubwa au ya kasi kuliko inavyoweza, shusha resolution, na kasi ingia Advanced display uishushe iwe hertzi 60.

Kwa VGA kuna kitufe kwenye skrini yenyewe kimeandikwa Auto. Fungua ukurasa wenye maandishi mengi, kibonyeze, subiri sekunde chache. Picha iliyokuwa imesogea upande na herufi zenye ukungu zinanyooka. Watu wengi wana skrini hizi miaka na hicho kitufe hawajawahi kukigusa.

Scale, yaani ukubwa wa maandishi, ya skrini ya zamani ieke asilimia 100. Leptopu pengine iko 125 au 150, ni sawa, kila moja ina yake.

Kuhamisha dirisha usihangaike kuburuta, shika Windows na Shift alafu mshale wa kushoto au kulia, dirisha linaruka upande wa pili. Hili pekee litakuokolea muda mwingi.

Skrini haichomoki: njia ya mtandao

Sasa tuje kwa wale wa kompyuta ya kipande kimoja, au tundu la leptopu limekufa. Hapa ile kompyuta ya zamani lazima iwake yenyewe, iwe inapokea picha kutoka leptopu kwa mtandao.

Kabla ya kuiwasha kama ni ya boksi na imekaa muda mrefu, au imeletwa kutoka nje kama msaada, tazama nyuma pale waya wa stima unapoingia. Za zamani nyingi zina swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115 na 230. Kenya stima yetu ni volti 240, kwa hivo lazima isome 230. Ikiwa imetoka Marekani huenda iko 115, na ukiiwasha hivo utasikia mlio na moshi na pawasaplai imekwisha. Ichomoe kabisa, isukume swichi na bisibisi, ndio uwashe. Kabla hujawasha, ikiwa bado imechomolewa, fungua pia ubavu utoe vumbi na mchanga kwa brashi.

Ikiwaka na tarehe ikawa ya miaka mingi nyuma, betri ndogo ya ubao imekufa, ni CR2032 ya volti 3, ile ya mviringo inauzwa hata kwa mafundi wa saa. Usiidharau, tarehe ikiwa mbaya kurasa za intaneti zitakataa kufunguka.

Kuhusu waya au waifai, nasema waya bila kusita. Nyumba zetu za mji wa kale kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, waifai ikivuka ukuta mmoja imechoka, ukuta wa pili hakuna kitu, na picha ya skrini inataka mtandao usiokatika. Waya wa Ethernet, ule wa mtandao, unapita popote. Kama una rauta chomeka kompyuta zote mbili kwenye rauta. Kama huna, unganisha kompyuta kwa kompyuta moja kwa moja, zenye kadi za gigabiti zinajipanga zenyewe hata waya uwe wa kawaida, ila zile za zamani sana huenda zikataka waya wa kukrosi.

Ukiunganisha moja kwa moja, zipe anwani mwenyewe. Kwenye leptopu ingia setingi za mtandao wa waya, IPv4, andika 192.168.50.1, na kwenye ile ya zamani 192.168.50.2, zote mbili subnet mask 255.255.255.0, gateway iache wazi. Na hapa pana faida, kama ile ya zamani ina Windows 7 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, haihitaji kuguswa na intaneti kabisa, inazungumza na leptopu tu.

Programu ninayoipendekeza ni spacedesk, ya matumizi binafsi haina malipo. Ina sehemu mbili na watu wanazichanganya. Draiva inaingia kwenye leptopu, yaani inayotuma picha. Viewer inaingia kwenye ya zamani, inayopokea. Daunlodi zote kwenye leptopu kutoka tovuti yao wenyewe, ile ya pili ipeleke kwa flashi. Ukishainstoli draiva uristati leptopu, Windows ikiuliza ruhusa ya mtandao kubali kwa mtandao wa Private. Fungua viewer upande wa pili, utaona jina la leptopu, bofya connect. Jina lisipotokea andika ile 192.168.50.1 mwenyewe. Kama mnatumia rauta anwani utaipata kwa kufungua cmd, lile dirisha la kuandika amri, kwenye leptopu ukaandika ipconfig, soma mstari wa IPv4. Ikiungana, rudi Windows na P, Extend, na maboksi yale ya hatua ya 3.

Kama Windows ya zamani imechoka haiwezi kitu, unaweza kueka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows, kwenye flashi ukawasha nayo bila kufuta chochote, inataka RAM ya GB 2 kwenda juu, alafu ukatumia viewer ya spacedesk inayofunguka kwa brauza. Hii inataka rauta yenye intaneti, ule ukurasa lazima ufunguke kwanza.

Windows zenyewe pia zina njia yake bila programu ya nje. Kwenye ya zamani yenye Windows 10 au 11, Settings, System, Projecting to this PC, itakuambia uongeze Wireless Display kwenye Optional features, alafu kwenye leptopu bonyeza Windows na K uichague. Inataka kadi ya waifai yenye Miracast, yaani uwezo wa kurusha picha bila waya, na desktop nyingi za zamani hazina waifai hata kidogo, kwa hivo ukiambiwa kifaa hakikubali usipoteze siku, rudi kwenye waya na spacedesk.

Ile ya zamani ingia Power uizuie isilale, la sivo kila ukienda kuswali ukirudi skrini ya pili imekatika. Na ukiwa umebeba leptopu unatumia waifai ya mkahawa au ya saiba, zima spacedesk, hutaki mtu wa meza ya pili aungane na skrini yako.

Cha kueka huko

Kwa njia ya waya wa picha eka chochote, hata video, inaenda sawasawa na ya leptopu. Kwa njia ya mtandao picha inachelewa kidogo, mausi utaihisi nzito, kwa hivo huko eka vitu vinavyokaa kimya: PDF, kalenda ya bukingi, WhatsApp ya kazi, orodha ya bei. Unachoandika na unachotazama kikitembea kibaki leptopu. Ikiwa inakwama kwama shusha resolution ya skrini ya pili daraja moja, mtandao unapumua.

Mwenye iMac ya zamani, ile kompyuta ya kipande kimoja ya Apple, asome hii: za inchi 27 za mwisho wa 2009 na za 2010, na iMac nyingine zilizofuata mpaka za katikati ya 2014, zina uwezo wa kupokea picha kwa waya, unabonyeza Command na F2 kwenye kibodi yake. Zile za 2009 na 2010 zinatumia tundu la Mini DisplayPort, za 2011 kuendelea zinataka waya wa Thunderbolt na Mac nyingine upande wa pili, na hiyo Mac nyingine ikiwa mpya sana haikubali. Zile iMac zenye skrini ya 5K hazina kabisa uwezo huo, mwenye hiyo asinunue waya, aende njia ya mtandao.